Alianguka Baada ya Kuanza Kutii: Sukari, Saumu na Maamuzi ya Bi Mkubwa

Kwenye kadi ya kliniki ya bi mkubwa mmoja wa Tanga kuna mstari ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mgonjwa hafuati maelekezo." Uliandikwa Februari 2024, mwezi wa Shaaban. Katika kumi la kwanza la Ramadhani iliyofuata, mwenye kadi alianguka kando ya jiko lake la mkaa, saa kumi na moja jioni, karai la mafuta likichemka hatua moja kutoka alipolala. Alipopimwa, sukari ilikuwa milimoli 2.4 kwa lita, na chini ya 3.9 tayari imeshuka mno. Nimekipitia kisa hiki na watu wengi, wauguzi kwa madaktari, na kila nikikirudia naliona jambo lilelile: siku mstari ule ulipoandikwa ulikuwa wa kweli, na bi mkubwa alikuwa salama. Alianguka baada ya kuanza kufuata maelekezo.

Ni mjane wa miaka 61, anakaa Ngamiani kwenye moja ya zile barabara za namba, pamoja na mkwe wake na mjukuu wa kidato cha pili. Mimi ni muuguzi na ni jirani yake. Kliniki anayotibiwa sifanyi kazi. Ameniridhia nikieleze kisa chake, na yale ambayo yangemtambulisha nimeyageuza. Sukari anayo mwaka wa tisa, presha mwaka wa sita. Alikuwa akitumia metformin na glibenclamide za sukari, na amlodipine ya presha. Mwaka mzima anauza vitumbua asubuhi, na Ramadhani ikiingia anahamia futari: sambusa, bajia, kaimati, viazi karai. Mwezi huo ndio unaolipa ada na kuezeka bati. Kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya magharibi yuko wima mbele ya moto.

Siku ile mkwe wake alikuwa amekwenda sokoni. Mjukuu anasimulia kwamba kwanza bibi alimfokea mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kisha akatoa kaimati kwenye mafuta zikiwa bado mbichi, akazirudisha, akazitoa tena. Alipoulizwa, "Bibi, vipi?" alijibu maneno yasiyounganika. Halafu miguu ikamwishia. Bahati yake alianguka upande wa ukutani. Mama wa nyumba ya pili alimkalisha, akaona bado anameza, akamnywesha soda kidogo kidogo. Hilo ndilo lililomwokoa, na hapa niweke neno kwa anayesoma akiwa na mgonjwa wa sukari nyumbani: anayeweza kumeza apewe kitu chenye sukari papo hapo, aliyezimia kabisa asimiminiwe chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Kituo cha karibu walimpima, wakamtundikia dripu ya sukari, akazinduka, akaomba maji ya kutawadha. Sukari ilipofika 7.9 wakamruhusu arudi nyumbani. Haikutimia hata saa moja na nusu tangu afikishwe. Usiku ule, kabla ya daku, mkwe aliamka akamkuta ameloa jasho na anazungumza peke yake. Safari hii walikuja kugonga kwangu. Kimashine changu kilisoma 3.1.

Kuanguka kwa mara ya pili ndiko kulikonifanya nianze kuuliza habari za dawa. Aliyefunga akaishiwa sukari kwa njaa tupu, akishakula mambo yake hutengemaa. Sukari inayoshuka, ikapandishwa kwa dripu, kisha ikashuka tena baada ya saa kadhaa, inavutwa na kitu ambacho bado kimo mwilini. Glibenclamide ndiyo yenye tabia hiyo. Dawa hii, ambayo wengi huiita Daonil, inaibana kongosho itoe insulini, na inaendelea kuibana iwe chakula kimekuja au hakikuja. Nguvu yake hufika saa 24. Kwa sababu hiyo mtu aliyeshushwa sukari na dawa za kundi hili hutakiwa kubaki chini ya uangalizi, si kuruhusiwa mara tu namba inapokaa sawa. Metformin peke yake ni nadra kumfanyia mtu hivyo.

Asubuhi nilikaa naye barazani. Maongezi yale ndiyo moyo wa kisa chote, kwa hiyo nayaweka kama nilivyoyasikia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimewatesa jana."

"Hujatutesa. Ila nataka kuuliza. Kile kidonge kidogo, kabla ya Ramadhani ulikuwa unakimeza kama walivyokuandikia?"

"Niseme kweli?"

"Sema, mama. Mimi sikuandiki kwenye kadi."

"Nilikuwa nakiruka. Siku za kazi nyingi chakula changu kinasogea mpaka saa nane, saa tisa. Nikikimeza siku kama hiyo naona giza, mikono inatetemeka, hata sambusa sikunji. Nisipokimeza niko mzima. Nikasema basi, siku za kazi nakiacha."

"Ulimwambia daktari?"

"Mwanangu, nimwambie daktari dawa yake siitumii?"

Tazama alichokuwa amekifanya. Bila kimashine na bila kufundishwa na mtu, aliona uhusiano kati ya kidonge, chakula kilichochelewa na mikono inayotetemeka. Akajaribu kukiacha, akaona tofauti, akajiwekea kanuni. Kanuni yenyewe ilikuwa na kasoro, maana siku hizo sukari yake ilikuwa ikipanda bila yeye kujua, lakini hatari aliyokuwa akiikwepa ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza, "Unapokimeza unajisikiaje?" Kliniki ya Februari ilimpima ikakuta 13.6 kabla hajala. Daktari, akiamini kwamba vidonge vinamezwa vyote, aliona vimezidiwa, akaongeza: glibenclamide kutoka kimoja mara mbili kwa siku ikawa viwili asubuhi na kimoja jioni. Kisha bi mkubwa alipohojiwa akababaika, ndipo mstari mwekundu ukaandikwa, akatishwa pia kwa maneno ya kukatwa mguu. Bi mkubwa ana shoga yake aliyekatwa mguu. Alirudi nyumbani na woga, akaamua kwamba safari hii hataruka hata kimoja.

Kwa hiyo aliingia Ramadhani akiwa na dozi iliyopangwa kutibu ukaidi, na yeye ameshaacha ukaidi. Dozi aliyokuwa akimeza kweli ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili, katika mwezi ambao tumbo linakaa tupu tangu alfajiri mpaka magharibi.

Hakuna aliyemuuliza kama atafunga. Katika mji kama Tanga swali hilo lingepaswa kuulizwa kila Rajabu na kila Shaaban kwenye kila kliniki ya sukari, pamoja na kupima uzito na presha. Na si kwamba jambo hili halijulikani. Mwaka 2001 utafiti uitwao EPIDIAR ulifuatilia zaidi ya watu 12,000 wenye kisukari katika nchi 13. Karibu wanane kati ya kila kumi wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15, na matukio ya sukari kushuka vibaya katika kundi hilo yaliongezeka mara saba na nusu ikilinganishwa na miezi mingine. Afrika Mashariki haikuwemo kwenye zile nchi 13, lakini sioni sababu ya miili yetu kuwa na kanuni nyingine. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa mwongozo mzima wa Ramadhani, likauboresha 2021.

Mfuko wa dawa uliandikwa asubuhi 2, jioni 1. Bi mkubwa, kwa utiifu wake mpya, aliitafsiri asubuhi kuwa daku na jioni kuwa futari. Vidonge viwili, yaani dozi kubwa, vikaenda kwenye mlo ambao baada yake hakuna kula kwa zaidi ya saa 13. Mwongozo unasema kinyume: dozi kubwa ihamie kwenye kufuturu, ya daku ipunguzwe, na kwa dawa za zamani kama glibenclamide ni bora ibadilishwe kabisa kabla mwezi haujaandama. Juu ya hayo, daku yenyewe alikuwa haili. Akimaliza kuosha masufuria na kuloweka dengu za kesho ni saa sita usiku, akiamshwa saa kumi anakunywa chai ya rangi, anameza vidonge, anarudi kulala. Wote tunaijua hadithi ya Mtume isemayo kuleni daku, kwani katika daku mna baraka. Yeye alikuwa akiisoma kama sunna ya hiari kwa mwenye nafasi. Kwa mtu anayemeza dawa ile, daku ni sehemu ya dawa.

Halafu kuna jiko. Dalili ya kwanza ya sukari kushuka kwa watu wengi ni jasho na joto la ghafla, moyo kwenda mbio, kutetemeka. Mtu aliyesimama mbele ya karai mwezi wa Machi, Tanga, tayari ameloa. Mwili wake ulikuwa ukipiga kelele na sauti hiyo ilimezwa na moto. Kazi yenyewe pia, kusimama, kukanda, kubeba ndoo, ilikuwa ikitumia sukari ileile chache iliyobaki. Nadhani ndiyo maana hali ilifika kwenye ubongo, kwenye hasira na maneno yasiyounganika, kabla yeye mwenyewe hajashuku lolote. Wanaofanya kazi za jua na za moto, wapishi, wabeba mizigo, wavuvi, tusiwafundishe kusubiri jasho. Wafundishwe kutazama saa, na watu wa karibu nao wafundishwe kutazama mwenendo wao. Mjukuu aliona dalili dakika nyingi kabla ya bibi kuanguka. Hakujua tu kwamba alichokiona ni ugonjwa.

Jambo la mwisho lilijitokeza baadaye, tulipopata majibu ya damu. Kreatini, taka ya damu inayochujwa na figo, ilikuwa 105, ambayo kwa mwanamke wa umri wake ni uchujaji wa figo wa 52 hivi. Chini ya 60, ikidumu miezi mitatu au zaidi, huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Mabaki ya glibenclamide yanayotoka kupitia figo bado yana nguvu ya kushusha sukari, na figo zikilegea yanarundikana. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka gliclazide kuwa dawa ya kundi hili, na imeandika wazi kwamba glibenclamide haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Glibenclamide ingali kwenye makabati ya maduka yetu kwa sababu ni ya bei ndogo na kila mtu ameizoea. Hili linaniuma, nalisema bila kuficha. Mama wa miaka 61 mwenye figo zilizochoka hakutakiwa kuwa kwenye dawa hiyo, afunge asifunge.

Kimashine cha kupimia sukari alikuwa nacho. Mwanawe wa Dar es Salaam alimnunulia, kikawa kabatini ndani ya boksi lake. Nilidhani sababu ni bei ya stripu, na kweli ni ghali kwa anayeuza sambusa. Lakini kulikuwa na kubwa kuliko hilo: aliamini kujitoboa kidole mchana wa Ramadhani kunabatilisha saumu. Wagonjwa wengi wa mwambao wana imani hiyo, na muuguzi hana ubavu wa kuiondoa. Nilimwomba afuatane na kaka yake kwa imamu wa msikiti wa mtaani. Imamu alimjibu kwa upole kwamba tone la damu la kipimo halifunguzi, apime bila wasiwasi. Kisha akamsomea aya za Sura ya Al-Baqara, ya 184 na 185, zinazompa ruhusa mgonjwa na msafiri kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa atoe fidia ya kumlisha maskini. Akamwambia pia kuwa ruhusa hiyo imetoka kwa Mwenyezi Mungu, kwa hiyo kuitumia si udhaifu wa imani.

Bi mkubwa alisikiliza, akashukuru, akatoka. Njiani akamwambia kaka yake, "Nimefunga tangu sijavunja ungo. Leo nile mchana, wateja waninunulie futari mkononi mwa mtu anayekula?" Yeyote anayeishi barabarani kwetu analielewa jambo hilo. Kula mchana ni kitu kinachoonekana, na biashara yake inategemea watu kumwamini. Mwanamke aliyekoma hedhi hana tena zile siku ambazo kila mtu anajua kuwa hafungi. Ushauri wa "usifunge" ukitolewa bila kuuliza atakula wapi, saa ngapi na mbele ya nani, hautakuwa na maana kwake. Mkwe ndiye aliyetatua: chumba cha ndani, mlango umerudishwa, kikombe cha uji na kipande cha muhogo saa saba, baada ya sala. Siku zote zilizobaki za Ramadhani ile hakufunga, na mtaani halikuzuka neno.

Baada ya Idi ndipo tulipoanza kazi yenyewe. Sikumpa orodha ya vyakula. Alikuwa nayo tayari, imebandikwa ukutani, na ilimkataza karibu kila kitu anachokipika. Nilimwomba achague maswali anayotaka kuyajua kuhusu mwili wake, tuyajibu kwa stripu chache. La kwanza lilinishangaza: alitaka kujua kama uji wa pilipili manga ni mbaya kuliko magimbi ya nazi. Alipima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, jioni mbalimbali, mjukuu akiandika kwenye daftari la shule. Magimbi na samaki yalimpeleka 11.2. Uji wenye sukari pamoja na kaimati zilizobaki ulimpeleka 17.8.

Kaimati zilizobaki! Hakuna kliniki ingelijua hilo. Kisichouzwa hakitupwi, kinaliwa na mwenye kukipika, usiku, peke yake, akihesabu hasara. Ile sukari ya juu iliyowafanya wamwongezee dawa ilitokana kwa sehemu na vidonge alivyoruka, na kwa sehemu na mali iliyolala. Alipoiona namba hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Basi mimi nakula hasara mara mbili." Siku iliyofuata alipunguza unga wa kaimati akaongeza bajia za dengu, ambazo zilikuwa zikiisha mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha habari za wanga. Yeye alikuwa ameshahamia kwenye hesabu za unga, na akafika pale nilipotaka afike kwa njia yake.

Kutoka hapo tulijifunza namba tatu tu. Chini ya 3.9, hata kama anajisikia vizuri, anakula au kunywa kitu chenye sukari: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda, kisha anapima tena baada ya dakika 15. Juu ya 16.6 akiwa amefunga, anafungua, anakunywa maji na kumtafuta mtaalamu. Katikati ya hapo anatazama inaelekea wapi, maana 4.8 saa nane mchana kwa mtu ambaye bado ana saa nne za jiko haina maana sawa na 4.8 dakika kumi kabla ya adhana. Hili la mwisho lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Namba moja kwenye kimashine haimwambii mtu afanye nini. Inabidi aiunganishe na kilichotangulia na kinachokuja, na anayekijua kinachokuja ni yeye.

Ilibaki kumwambia daktari. Nilimsindikiza, lakini tulikubaliana atazungumza mwenyewe. Aliweka daftari mezani na kusema kwamba alikuwa akiruka kidonge, akaeleza siku gani na kwa nini, akafungua ukurasa wa usiku alioshuka. Daktari, na hili nalisema kwa heshima yake, alisoma daftari lote bila kumkatiza, akaagiza vipimo vya figo, na majibu yalipotoka akaiondoa glibenclamide akaweka gliclazide kwa dozi ndogo. Mazungumzo hayo yalichukua muda usiozidi ule uliotumika Februari kumtisha. Gliclazide ikawa shida yake nyingine: kuna miezi haipatikani kwenye duka la hospitali na inabidi inunuliwe nje. Kwenye duka moja walitaka kumpa glibenclamide "maana ni kundi lilelile". Alikataa. Alieleza kwa nini amekataa, muuza dawa akasikia, na mimi niliposimuliwa nilijua kwamba kazi imeshika.

Maandalizi ya Ramadhani ya 2025 tuliyaanza Rajabu. Kwa mwongozo wa kimataifa yumo kwenye kundi la hatari kubwa: amewahi kushuka vibaya, figo, umri, kazi nzito. Ushauri wa daktari ulikuwa asifunge, na mimi niliuunga mkono. Yeye alisikiliza akasema atajaribu siku mojamoja. Wenzangu wawili wananilaumu mpaka leo kwamba ningemkatalia kabisa. Jibu langu ni kwamba katika EPIDIAR watu walifunga, wenye ushauri na wasio nao, na bi mkubwa huyu ameshatuonyesha anavyofanya akikatazwa bila kusikilizwa: anajificha. Afadhali afunge mbele ya macho yetu, akiwa na kanuni alizozikubali mwenyewe.

Kanuni zilikuwa hizi. Siku za kufunga anakula daku ya kweli, ugali wa dona au wali kidogo na maharage, imechelewa kadiri inavyowezekana, na gliclazide inamezwa wakati wa kufuturu tu. Anapima saa nane, saa kumi na nusu, na wakati wowote mjukuu akimwona amebadilika. Siku hizo jiko linashikwa na mkwe na yeye anakaa kitako kukunja sambusa. Tende tatu na kikombe cha maji ya sukari vipo kwenye kibweta tangu asubuhi, si vya kutafutwa. Na alimwahidi daktari kwamba ikishuka chini ya 3.9 hatasubiri adhana, hata zimebaki dakika tano.

Alifunga baadhi ya siku. Siku mojawapo, saa kumi na nusu, ilisoma 3.6 naye anajisikia hana neno kabisa. Mjukuu anasema aliitazama kwa muda, akafuta kimashine kwa kanga, akapima kidole kingine. 3.7. Akanywa maji ya sukari, akaenda kula chumbani, akarudi kuuza. Jioni ile nilimkuta na uchungu. Alisema angeweza kufika. Nilimwambia huenda kweli angefika, na huenda angekuwa kwenye karai. Namba isingetuambia lipi kati ya hayo mawili. Hakunijibu, na sina hakika kama nilimridhisha. Siku alizofungua amezitolea fidia, akisema miaka yake haimpi uhakika wa kuzilipa.

Kipimo cha wastani wa sukari cha miezi mitatu kimeshuka kutoka 9.1 hadi 7.6 kwa mia. Hajaanguka tena. Figo, kipimo cha mwisho, zimefika 49. Hapo ndipo tulipo sasa. Zikishuka chini ya 45 dozi ya metformin itabidi ipunguzwe, na zikifika chini ya 30 iachwe. Yeye ndiye aliyeniuliza habari hiyo, baada ya kuziona namba mbili za figo zimefuatana kwenye daftari na ya pili ikiwa ndogo. Ameomba apimwe tena kabla ya Rajabu, na amesema safari hii ataamua kuhusu kufunga akiwa na jibu hilo mkononi.